Bonanza la Lazima

Tangazo hubandikwa jirani na mashine ya mahudhurio, mahali ambapo hakuna atakayesema hakuliona. "Wafanyakazi wote mnatakiwa kuhudhuria bonanza la michezo siku ya Jumamosi kuanzia saa moja kamili asubuhi. Kutakuwa na mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, mbio za magunia na kukimbiza kuku. Fulana zitatolewa. Mahudhurio yatachukuliwa." Chini kuna saini na muhuri.

Aliyewahi kuajiriwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza analijua tangazo hili, hata kama maneno yanatofautiana. Wizara na idara za Serikali zina michezo yao ya SHIMIWI. Mashirika ya umma na kampuni binafsi zina SHIMUTA, na halmashauri zina SHIMISEMITA. Mei Mosi ikikaribia, timu za wafanyakazi huchuana mpira, netiboli, kamba, bao na karata kabla ya maandamano. Kampuni changa nazo zimenunua meza za pool na kuajiri washereheshaji wa "kujenga timu". Sababu inayotolewa kote ni moja, kwamba mchezo hujenga moyo wa kazi.

Tumeiweka hoja hiyo mezani: michezo hujenga utamaduni mwema wa kazi. Wazungumzaji wanne ni wa kubuni na tumewaita kwa nafasi zao, maana kila ofisi inao. Afisa Utumishi anatetea hoja, Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anaipinga. Mzee wa Karakana amestaafu bandarini. Binti wa Simu yuko kitengo cha huduma kwa wateja. Mwenyekiti anashika saa.

MWENYEKITI: Karibuni. Hoja kwanza, vijembe baadaye. Mama Utumishi, tangazo ni lako, hebu litetee.

AFISA UTUMISHI: Ahsante, Mwenyekiti. Jengo letu lina ghorofa sita. Mhasibu wa ghorofa ya tano anamjua mtu wa stoo kwa saini tu. Fomu ikirudi na kasoro anasema, "Hawa watu wa stoo bwana!" Hawana majina, ni "hawa watu". Sasa waweke kwenye kamba upande mmoja. Watu wanane, mikono imeshika, na yule wa mwisho kajizungushia kamba begani, visigino vimezama mchangani. Pembeni yuko anayehesabu. Sekunde kumi za kwanza kila mtu anavuta kivyake na kamba haisogei. Halafu wanaanza kumsikiliza anayehesabu, wanavuta kwa pumzi moja, na ghafla wale wenye miili mikubwa ng'ambo wanaburuzwa. Mhasibu akishaburuza watu akiwa na mtu wa stoo mgongoni kwake, Jumatatu fomu ikiwa na kasoro atanyanyua simu na kusema, "Shemeji, hapa umeruka mstari." Hilo nimeliona. Sijaliona likitokea baada ya semina.

Na afya je? Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Watu wetu wanakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Wahenga wa mjini wanasema kazi na dawa.

MWENYEKITI: Ndugu Mwakilishi.

MWAKILISHI: Mama, kamba umeieleza vizuri hadi nimetamani kuvuta. Lakini umeruka sentensi moja ya tangazo lako: "Mahudhurio yatachukuliwa." Hapo ndipo ninapoanzia mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Zikizidi, ni ziada, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtu unayemwita kwa barua yenye muhuri, ukamwandika jina akifika na kumhoji asipofika, yuko kazini. Fulana haibadilishi hilo.

AFISA UTUMISHI: Kwa hiyo unataka nilipe ovataimu ya kukimbiza kuku?

MWAKILISHI: Kama kuku ni wa lazima, ndiyo.

MWENYEKITI: (Akicheka.) Niongeze jambo hapo. Mwaka 1938 Mholanzi Johan Huizinga alitoa kitabu kiitwacho Homo Ludens, na hoja yake kubwa ni kwamba sifa ya kwanza ya mchezo ni uhuru. Ukiamrishwa kucheza, unachofanya kinafanana na mchezo kwa nje tu. Mama, unamjibuje?

AFISA UTUMISHI: Namjibu kwamba hakuwahi kuwa afisa utumishi. Ukiandika "anayependa aje", wanakuja walewale kumi na wawili wanaocheza kila siku. Yule mpole anayekula peke yake mezani kwake, ambaye ndiye hasa ninayemtaka, haji. Anahitaji kusukumwa kidogo. Watu wengi hukataa kabla, wakishafika hawataki kuondoka.

MWAKILISHI: Na yule asiyetaka kufika wala kubaki? Ufaransa kuna mshauri aliyefukuzwa na kampuni yake kwa sababu, pamoja na mengine, hakujiunga na zile burudani zao za baada ya kazi, vinywaji na masihara ya lazima. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa, na Novemba 2022 ikaamuliwa kwamba kukataa kwake ni uhuru wake wa kutoa maoni. Kazi yake alikuwa anaifanya. Kufurahi si sehemu ya mkataba.

MWENYEKITI: Mzee wetu amekaa kimya muda mrefu. Shikamoo, Mzee.

MZEE WA KARAKANA: Marahaba, Mwenyekiti. Nawasikiliza nyote, na naona mnagombania kitu ambacho sisi hatukukipata kwa barua. Vijana wa leo wanagombana mitaani kwa ajili ya Arsenal na Manchester United. Wangapi wanajua Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na mafundi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London? Manchester United ilianza mwaka 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli, Newton Heath. Tuje nyumbani. Kampala, mwaka 1963, mkuu wa kitengo cha majitaka cha halmashauri ya jiji, Samuel Wamala, aliwakusanya watu wake ili wawe na cha kufanya baada ya kazi. Majitaka! Kazi ambayo jirani akikuona unatoka kuifanya, anahamisha kiti. Timu hiyo ndiyo KCC, iliyochukua ubingwa wa klabu wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1978. Hapa kwetu Morogoro palikuwa na Reli, timu ya watu wa reli, ikaitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua Simba na Yanga. Mtu wa karakana aliyeipigia kelele timu ya reli hakuwa tena namba kwenye orodha ya mishahara.

MWAKILISHI: Mzee, kwa heshima, historia hiyo ina upande mwingine. West Ham nayo ilianzia kazini, kwenye karakana ya meli ya Thames Ironworks, mwaka 1895. Aliyeianzisha ni mwenye mali, Arnold Hills, na alifanya hivyo baada ya migomo kuitikisa kampuni yake. Mchezo wa wafanyakazi hapo ulitoka mfukoni mwa mwajiri aliyechoka kugombana nao. Na tazama zilipoishia hizo timu. Mtibwa Sugar ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Mkata miwa gani alikuwa kikosini? Timu ikishapanda daraja inasajili wachezaji wa kulipwa, jina la kampuni linakwenda kifuani, na mfanyakazi anabaki jukwaani. Hata huku kwenye SHIMIWI na SHIMUTA, wimbo wa kila msimu ni mamluki. Taasisi inaleta mshambuliaji ambaye hajawahi kuonekana hata getini, kwa sababu kombe limekuwa kubwa kuliko wale watu lililokusudiwa kuwaunganisha.

AFISA UTUMISHI: Mamluki ni aibu, sibishi. Mtu anayeleta mamluki hajui anachokitafuta.

MZEE WA KARAKANA: Mwanangu, umesema kweli, nami sikumaliza. Mpira ulikuwa wa wachache wenye miguu. Kilichotujenga sisi karakana kilikuwa bao. Lile bao letu lilikuwa chini ya mkungu, safu nne za mashimo manane, kete 64, nyingine ni komwe halisi na nyingine ni nati tulizookota chini. Saa saba mchana unawahi kula ili uwahi nafasi. Foremani wetu alikuwa mkali, mtu wa kufoka. Kulikuwa na kijana wa kupaka grisi, mdogo kuliko wote kwa cheo. Siku hiyo wako kwenye namua, kila mmoja anaingiza kete kutoka mkononi, moja moja. Foremani anategemea nyumba yake, imejaa, anaitazama kwa raha. Kijana akaingiza kete pembeni, akala, akatembeza, akala tena, akaendelea kuzunguka mpaka akaila nyumba ya foremani mbele ya watu wote. Tulipiga kelele hadi mlinzi akaja kuangalia. Foremani akanyamaza, kisha akasema, "Panga tena."

Sasa sikilizeni. Wiki chache baadaye tunanyanyua injini. Foremani ametoa ishara, winchi imeanza kukaza. Yule kijana akapaza sauti, "Foremani, simamisha! Pini ya ndoano haijaingia!" Na kweli haikuwa imeingia. Zamani asingesema. Angeogopa kufokewa mbele ya watu. Lakini alikwishamla nyumba yake mbele ya watu, na dunia haikuanguka.

(Kimya kidogo mezani.)

MWENYEKITI: Mzee, unasema bao ndilo lililoiona pini?

MZEE WA KARAKANA: Pini ilionwa na macho. Bao lilimpa ulimi.

MWAKILISHI: Hilo nalikubali kuliko yote yaliyosemwa, na ona linavyonisaidia. Bao hilo hakuna aliyelitangaza. Hakuna aliyechukua mahudhurio. Foremani alikaa chini kwenye kigogo kama wengine. Linganisha na bonanza la juzi kwenye viwanja vya Leaders, Kinondoni. Mkurugenzi kavaa jezi namba kumi. Akapewa penalti ambayo hata mwamuzi hakuiona imetokea wapi. Kipa wetu, mtu wa masijala, akaruka kushoto kabla mpira haujapigwa, na mpira ukaingia kulia ukijikokota. Watu wakashangilia. Mshereheshaji akatangaza mfungaji bora. Tulijifunza nini siku ile? Tulijifunza kwamba hata uwanjani bosi hafungwi, na kipa anajua anachokilinda.

AFISA UTUMISHI: (Akitabasamu.) Nilikuwepo.

MWAKILISHI: Na ulipiga makofi, Mama.

AFISA UTUMISHI: Nilipiga. Na mimi nina mkataba.

MWENYEKITI: Binti, wewe umekulia kwenye kazi za kompyuta. Haya ya kamba na bao unayaona ya kale?

BINTI WA SIMU: Shikamooni nyote. Hapana, Mwenyekiti, nayaonea wivu. Sisi mchezo umekuja mpaka mezani. Kwenye ukuta wa ukumbi wetu kuna televisheni. Inaonyesha majina yetu yote kwa mpangilio, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na kila simu unayoimaliza inakupandisha au kukushusha. Wa juu wana rangi ya kijani na kikombe kidogo pembeni ya jina. Wa chini ni wekundu. Mwisho wa wiki wa kwanza anapata vocha. Siku waliyoileta walituambia, "Tumeleta mchezo ili kazi isiwachoshe."

Siku za mwanzo nilifurahi, sitawadanganya. Nilikuwa kijani. Kisha akapiga bibi mmoja, ametuma pesa ya ada ya mjukuu kwa namba isiyo yenyewe. Analia, hajui kusoma ujumbe, anamwita mtoto wa jirani amsomee, mtoto hayupo, anamsubiri. Targeti yangu kwa simu moja ni dakika chache tu. Nikiinua macho naona jina langu linashuka mstari mmoja, miwili, minne. Nikaingia kwenye njano. Yule bibi nilimaliza naye, lakini nilijua kwamba wanaoongoza hawamalizi na bibi wa namna ile. Wanajua namna ya kumwambia "subiri kidogo", kisha laini inakatika. Mchezo ule ulitufundisha kukata simu.

AFISA UTUMISHI: Pole, mdogo wangu. Lakini huo si mchezo. Hiyo ni targeti iliyovishwa kofia ya sikukuu.

BINTI WA SIMU: Nakubali, Mama. Ila aliyeileta aliiita mchezo, na yuko kitengo kama chako. Na si kwetu tu. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika kuhusu madobi wa hoteli za Disneyland kule Anaheim. Waliwekewa skrini inayoonyesha kasi ya kila mmoja kwa rangi, na wao wenyewe wakaiita mjeledi wa umeme. Mwaka 2019 Washington Post likaeleza jinsi Amazon ilivyoweka michezo ya video kwenye maghala yake. Unapanga bidhaa, na kila unachopanga kinasukuma kigari chako mbele kwenye skrini, unashindana na wenzako. Amazon ilisema ni hiari. Labda. Lakini mimi nauliza, mchezo na targeti nitavitofautishaje, wakati vyote vina pointi, zawadi na wa mwisho?

MWENYEKITI: Hilo ndilo swali la leo. Nani analibeba?

MWAKILISHI: Nalibeba kwa ushahidi. Watafiti wawili wa chuo cha Wharton, Marekani, Ethan Mollick na Nancy Rothbard, walifanya jaribio katika kampuni moja mwaka 2013 hivi. Wauzaji waligeuziwa kazi yao kuwa mchezo wa mpira wa kikapu; ukiuza unapata pointi. Waliokuwa wameukubali mchezo, hali yao ya moyo kazini ilipanda. Wasioukubali ilishuka. Mchezo uleule, ofisi ileile. Tofauti ni ridhaa. Basi tuseme hivi, usipoweza kukataa bila kuumia, huo si mchezo.

MZEE WA KARAKANA: Hiyo ni nusu. Nami naongeza nusu yangu. Mkubwa asipoweza kushindwa, huo nao si mchezo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, na kwenye ile televisheni ya binti yangu, jina la bosi wao liko mstari wa ngapi?

BINTI WA SIMU: Halipo, Mzee. Yeye ndiye anayeitazama.

MZEE WA KARAKANA: Umeona? Mchezo ambao mmoja anatazama tu na wengine wanakimbia una jina lake, nalo si mchezo.

AFISA UTUMISHI: Haya, mmenibana, lakini bado sijaanguka. Mnazungumza kana kwamba ofisi zetu zina furaha zake tayari na mimi naziingilia. Nendeni Jumatatu asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga. Hakuna tangazo, na ofisi nzima inacheza. Mwenye fulana nyekundu anamkuta mwenzake ameachiwa mkate mezani, "Pole kwa msiba." Mkurugenzi wa Yanga anapitishwa kwenye korido akizomewa na madereva wa Simba na anacheka. Na utani wetu je? Mchaga na Mpare wakiwa ofisi moja, mmoja akifiwa mwenzake anaweza kwenda msibani akafanya vituko na hakuna anayekasirika, kwa sababu ana haki hiyo tangu enzi za babu. Kwa hiyo mchezo kazini upo, na tunao tangu zamani. Kazi yangu ni kuupa nafasi na bajeti.

BINTI WA SIMU: Mama, naomba niguse hilo la utani. Sisi wanawake tunalijua neno "natania tu". Mtu anakuambia la mwili wako mbele ya watu, ukikasirika unaambiwa huna utani. Watani wa kweli wana mipaka. Unajua nani mtani wako, naye anajua kwamba kesho ni zamu yako. Hawa wa ofisini wanatania kuelekea chini tu. Mkubwa anamtania mdogo, mdogo akirudisha anaitwa mkosefu wa adabu. Kwa hiyo lile aliloliuliza Mzee linarudi hapa: je, utani huo unaweza kurudishwa?

MZEE WA KARAKANA: Mtani asiyerudishiwa ni mtukanaji.

MWENYEKITI: Naliandika hilo. Ndugu Mwakilishi, una dakika ya mwisho kabla ya majumuisho.

MWAKILISHI: Nina la mwisho na ndilo zito. Tazameni nani yumo. Mashindano ya taasisi yakienda mkoani, Tanga au Iringa, kuna posho ya kujikimu. Orodha ikitoka, majina ni yaleyale ya mwaka jana. Wanaobaki wanafanya kazi zao na za waliosafiri, bila posho. Wakirudi na kombe tunaambiwa, "Tumeshinda." Nani ameshinda? Ya pili, kuna mlinzi wa getini na mama anayepiga deki. Wako kwetu kila siku kuliko mkurugenzi, lakini wameajiriwa na mzabuni, kwa hiyo fulana haziwafikii. Siku ya bonanza mama yule anafagia vikombe vya plastiki tulivyotupa sisi wenye "utamaduni wa pamoja". Ya tatu, mama mwenye mtoto mchanga unamwita saa moja asubuhi Jumamosi. Aliyefunga Ramadhani unamvutisha kamba juani. Mwenye ulemavu wa miguu unampa kazi ya kushika maji. Na akitenguka mtu goti? Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015. Siku hiyo mwajiri ataandika kwamba ameumia kazini, au atasema alikuwa anacheza kwa hiari yake? Hilo liandikwe kabla ya filimbi, siyo hospitalini.

Na kuna malimbikizo. Ukiwa na watu wanaodai stahiki zao za mwaka juzi, kisha ukanunua fulana mia tatu, wale watu hawaoni fulana. Wanaona bei ya fulana.

AFISA UTUMISHI: (Baada ya kimya.) La malimbikizo haliko mezani kwangu, ndugu yangu. Liko baraza la wafanyakazi.

MWAKILISHI: Najua. Ndiyo maana sitaki lizikwe uwanjani.

MWENYEKITI: Tufike mwisho kwa kazi, tusiishie kwa hotuba. Mama, chukua kalamu. Lirekebishe tangazo lako hapahapa.

AFISA UTUMISHI: Sawa. Nafuta "mnatakiwa", naandika "mnakaribishwa".

MWAKILISHI: Na "mahudhurio yatachukuliwa"?

AFISA UTUMISHI: Nafuta. Siku inahama kutoka Jumamosi kwenda Ijumaa, saa nane mchana, ndani ya saa za kazi. Asiyetaka kucheza ataendelea na kazi yake au atakaa kivulini, na hakuna atakayemuuliza. Mpira wa miguu utabaki, ila kutakuwa na meza ya bao, drafti na karata, ili anayekaa asiwe mshika maji. Walinzi na wasafishaji watapangwa kwenye timu kama idara nyingine. Nitazungumza na wazabuni wao kuhusu zamu.

MZEE WA KARAKANA: Na mkurugenzi?

AFISA UTUMISHI: Mkurugenzi hapewi jezi namba kumi. Anawekwa kwenye kamba, katikati, ambapo hakuna penalti. Na anayehesabu atakuwa dereva wake.

MZEE WA KARAKANA: Hapo umefika.

BINTI WA SIMU: Na televisheni ya kwetu, Mama, nani ataizima?

AFISA UTUMISHI: Mimi siyo bosi wako, mdogo wangu. Lakini nikikaa na wenzangu wa utumishi nitawauliza swali la Mzee: jina lenu liko mstari wa ngapi?

MWENYEKITI: Basi nijumuishe. Tuliiweka hoja kwamba michezo hujenga utamaduni mwema wa kazi. Naona hakuna aliyeshinda kwa maneno hayo, ila kuna jambo tulilokubaliana bila kupiga kura. Mchezo hauleti usawa mahali ambapo hautakiwi. Penye nia, unawapa watu nafasi ya kuufanyia usawa huo mazoezi, kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Mdogo anajaribu kumshinda mkubwa, mkubwa anajaribu kushindwa, na wote wawili wanaona kwamba wanaweza kuendelea kufanya kazi. Faida yake inapimwa siku za kazi, pale mtu wa chini anapoona pini haijaingia. Akinyamaza, bonanza lilikuwa matembezi. Akisema na akasikilizwa, bajeti ya fulana imelipa. Kwa hiyo mwaka kesho, mnapoandika ripoti ya michezo, msihesabu vikombe. Hesabuni ni mara ngapi mtu wa daraja la chini alimwambia mkubwa "hapa tumekosea", na nini kilimpata baada ya hapo.

MWAKILISHI: Mwenyekiti, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Ijumaa nitakuwepo kwenye kamba, upande wa mkurugenzi. Na Jumatatu nitaleta barua ya malimbikizo.

AFISA UTUMISHI: Ilete. Ila Ijumaa usilegee.